Kamera inayomtazama dereva inaona nini machoni mwake?

Swali: "Mama, shikamoo. Mimi ni dereva mwongoza watalii, naishi Sakina, Arusha, na kazi hii naifanya mwaka wa kumi na mbili sasa. Kabla ya msimu kuanza ofisi ilifunga kwenye magari yetu yote kidude chenye kamera. Si ya kuangalia barabara, ni ya kuniangalia mimi usoni. Fundi alisema kinasoma macho. Nikigeuka kutafuta mnyama kinalia, wageni wanacheka. Juzi meneja kaniita, akanionyesha ripoti: safari ya siku sita, 'kutokuwa makini' mara 214. Hakuniadhibu, ila alisema anaiweka kwenye faili langu. Naomba kujua, hiki kitu kinaona nini hasa? Kinaweza kujua ninachowaza, au kama ninaumwa? Picha zangu zinakwenda wapi, na ninaweza kukataa? Mke wangu anasema nisihangaike, eti hata simu inatusoma macho kila siku."

Marahaba, baba. Nianze na hizo 214, maana naona ndizo zilizokukaa rohoni kuliko kamera yenyewe.

Siku sita hifadhini na dereva kageuza uso mara 214 tu? Mimi ningedhani ni nyingi zaidi. Vifaa hivi vilibuniwa kwa ajili ya malori na mabasi ya masafa marefu, kwa mtu ambaye kazi yake ni kutazama lami kutwa nzima, na vinajua kanuni moja: macho mbele. Wewe unalipwa kwa kinyume chake. Asubuhi ukiwa Seronera unatambaa na gari huku unakagua kila mgunga na kila mwegea, ukitafuta mkia unaoning'inia. Kwa kifaa kile, huo ni uzembe. Kwa mgeni wako, hiyo ndiyo safari aliyoilipia.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza ofisini ni hili: gari lilikuwa spidi ngapi kila mara kilipolia? Umoja wa Ulaya umeweka masharti ya mifumo hii kwa magari mapya, na masharti hayo yanazingatia mwendo. Gari likiwa spidi 50 na kuendelea, dereva anaonywa macho yake yakitoka barabarani kwa sekunde 3.5. Kati ya 20 na 50, anapewa sekunde 6. Kuna sababu. Kwenye lami ya Makuyuni ukiwa spidi 80, gari linakata mita 22 kila sekunde, na hizo sekunde 3.5 ni karibu mita 78 ulizokwenda bila kuona. Hapo kifaa kikilia, kishukuru. Lakini gari likitambaa spidi 10 pembeni mwa mto huku wageni wamesimama juu na kamera zao, mlio huo hauna maana, na ukihesabiwa pamoja na ule wa lami unaiharibu hesabu yote. Ripoti isiyoonyesha mwendo haifai kuingia kwenye faili la mtu.

Sasa, kinaona nini.

Kikague kidude chenyewe kwa karibu. Utaona lenzi moja ndogo, na kando yake vitaa vyeusi ambavyo vinaonekana kama havijawaka. Vimewaka. Usiku, gari likiwa linaunguruma, washa kamera ya mbele ya simu yako na uielekeze pale. Kwenye simu nyingi utaviona vinang'aa rangi ya zambarau hafifu, kama inavyokuwa ukibonyeza rimoti ya televisheni mbele ya kamera. Huo ni mwanga wa infraredi. Vifaa vingi vya magari vinatumia wa urefu wa wimbi wa nanomita 940, kwa sababu mbili. Jicho la binadamu haliuoni, kwa hiyo haukusumbui usiku. Na mvuke wa maji ulio angani unanyonya sehemu kubwa ya mwanga wa jua wa aina hiyo hiyo, kwa hiyo hata saa saba mchana jua haliizidi nguvu taa ya kifaa. Mwanga huo unapenya miwani mingi ya jua. Wale wenzako wanaovaa miwani myeusi wakidhani wamejificha, waambie.

Mwanga ukikupiga usoni, sehemu yake inaakisiwa na konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, na kwenye picha inatokea nukta ndogo ya mng'ao. Mboni nayo inaonekana kama duara jeusi. Ukizungusha jicho, mboni inahama, ila nukta ya mng'ao inabaki karibu pale pale. Programu inapima umbali na mwelekeo kati ya vitu hivi viwili, na kutokana na hapo inajua unatazama wapi. Hesabu yenyewe ni ya zamani. Kilichobadilika ni kwamba sasa inafanywa na kidude cha ukubwa wa kiberiti.

Lakini ili ipate jibu sahihi, mashine inatakiwa ilijue jicho lako kwanza, kwa sababu macho yetu hayalingani. Maabara watakuketisha, wakuambie utazame nukta hii, kisha ile, kisha ile. Je, fundi alikufanyisha hivyo? Kama hakukufanyisha, basi ama kifaa kinajirekebisha chenyewe taratibu kadiri unavyoendesha, ama hakisomi macho kabisa kwa maana hiyo, bali kinaangalia uso umeelekea wapi na kope zimefunga kiasi gani. Hii ya pili ndiyo ninayoikuta zaidi. Kwa usingizi, kipimo kinachotumika sana kilibuniwa Marekani miaka ya 1990: ndani ya dakika moja, ni kwa sehemu gani ya muda kope zimefunika asilimia 80 au zaidi ya mboni. Ni kipimo kizuri. Kinakamata usingizi ule wa kunyemelea ambao dereva mwenyewe anaukana.

Nakuambia haya si kwa kusoma tu. Mwaka jana nilifunga kifaa kimoja kwenye gari langu kwa majaribio, nikatoka nacho Moshi kwenda Arusha alasiri, kilometa 80 hivi. Kililia mara kumi na tisa. Mara moja nilistahili, nilikuwa naangalia simu pale Boma Ng'ombe. Mara ya pili pia nilistahili, ingawa sijutii: karibu na njia ya KIA wingu lilifunguka na nikautafuta mlima kwenye kioo. Mara kadhaa nilikuwa natazama kioo cha pembeni, jambo ambalo kila mwalimu wa udereva analifundisha. Zilizobaki, nyingi zikiwa kati ya Kikatiti na Usa River, kilidai nasinzia. Nilikuwa nakodoa tu. Ukitoka Moshi kwenda Arusha jioni jua linakupiga usoni moja kwa moja, unabana macho, na kamera inaona kope zimeshuka. Sasa niambie, ripoti ya siku ile ingefika kwa mtu ambaye hakuwa ndani ya gari, angeandika nini kwenye faili langu?

Umeuliza kama kinajua unachowaza. Hakijui. Ila usiishie hapo, maana jicho lina tabia ya kusema mengi kuliko mwenyewe anavyodhani. Nyoosha mkono, tazama ukucha wa kidole gumba: eneo unaloliona kwa ukali kabisa ni dogo kama ukucha huo au ukucha na kidogo. Kwingine kote unaona kwa ukungu, ila ubongo unakuficha jambo hilo. Ndiyo maana jicho linaruka kutoka sehemu hadi sehemu, kama mara tatu kwa sekunde, likitua robo sekunde hivi kila mahali. Miruko hiyo mingi huiamui. Miaka ya 1960 mtafiti wa Kirusi, Alfred Yarbus, alichapisha majaribio ambayo watu walitazama mchoro uleule wakiwa wameulizwa maswali tofauti. Ukiulizwa watu wa kwenye mchoro wana umri gani, macho yanakwenda kwenye nyuso. Ukiulizwa familia hii ina uwezo gani, yanakwenda kwenye samani na nguo. Njia ya macho ilionyesha mtu anatafuta nini.

Anatafuta nini, lakini si kwa nini. Ukimtazama mgeni kwenye kioo cha kati kwa sekunde tatu, rekodi inajua sekunde tatu. Haijui kama ulikuwa unaangalia amefunga mkanda au ana kichefuchefu cha ile miteremko ya Kreta. Sababu inawekwa na yule anayesoma ripoti, na anaiweka kwa jinsi anavyokufikiria. Hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi zaidi.

Kuhusu ugonjwa, kuna ukweli ndani yake. Ukubwa wa mboni hauutawali. Mwaka 1966 Daniel Kahneman na Jackson Beatty walionyesha kuwa mtu akipewa tarakimu za kukariri, mboni inapanuka kadiri tarakimu zinavyoongezeka. Pombe inaweza kuyafanya macho yachezecheze, na baadhi ya magonjwa ya neva, ugonjwa wa Parkinson ukiwemo, yanabadilisha miruko ya jicho. Wataalamu wa macho na wa neva wanapima hayo kliniki. Lakini kwa mashine nyingine, mgonjwa akiwa ametulia. Kamera ya gari inayopiga picha 30 kwa sekunde inapata picha moja kila milisekunde 33, na mruko mmoja wa jicho unaweza kuanza na kuisha ndani ya muda huohuo. Halafu kuna mashimo ya barabara ya Ngorongoro. Hicho kidude hakiwezi kukutangazia ugonjwa leo.

Nimesema leo. Programu inabadilishwa kila mwaka, lakini video iliyohifadhiwa inabaki ilivyo, na anayeimiliki anaweza kuipitisha kwenye programu mpya miaka mitatu baadaye kutafuta jambo ambalo hukuwahi kuambiwa. Wahenga walisema macho hayana pazia, wakimaanisha hakuna anayeweza kulizuia jicho lisitazame. Mimi sigombani na kamera kwa kutazama. Ningekuwa wewe ningegombea kitu kimoja: kinahifadhiwa nini, na kwa siku ngapi.

Hapo tunafika kwenye swali lako la picha zinakwenda wapi. Kuna namna tatu, na hazilingani hata kidogo. Kifaa kinaweza kutazama, kukokotoa, kukuonya na kusahau. Hakuna kinachotoka ndani ya gari. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2019 inataka hivyo hasa kwa magari mapya: mfumo ubakize tu kile unachokihitaji kufanya kazi yake, taarifa zisimfikie mtu wa tatu, na zifutwe mara baada ya kuchakatwa. Namna ya pili, kifaa kinatuma takwimu tu: saa, mahali, aina ya tukio. Ya tatu, kinatuma pia kipande cha video, sekunde kadhaa kabla na baada ya tukio, kupitia laini ya simu iliyo ndani yake, hadi kwenye seva ambayo inaweza kuwa nchi nyingine. Wewe una uhakika wa jambo moja tayari: meneja alikuwa na ripoti, kwa hiyo chako si cha namna ya kwanza. Angalia kama kina tundu la kadi ya kumbukumbu. Angalia pia kitobo kidogo kama cha sindano, mara nyingi hicho ni maikrofoni. Hili wengi wanalisahau: wanabishana kuhusu macho wakati kifaa kinarekodi mazungumzo ya gari zima, simu ya nyumbani ikiwemo. Na lenzi yenye upeo mpana haimwoni dereva peke yake. Inamwona na mtoto wa mgeni aliyelala kiti cha nyuma.

Usidhani tatizo hili ni la vifaa vya bei rahisi tu. Apple walipouza miwani yao ya kompyuta, Vision Pro, Februari 2024, kwa dola 3,499, walijitahidi: unachagua vitu kwa kuvitazama, lakini programu za watu wengine haziambiwi unatazama wapi mpaka ubane vidole kukubali. Ni utaratibu mzuri, nausifu. Hata hivyo mwaka huohuo watafiti walionyesha mwanya. Mtu akiwa kwenye simu ya video kwa kutumia sura yake ya bandia inayochorwa na kompyuta, macho ya sura ile yalikuwa yanafuata macho yake halisi, na kwa kuyatazama tu waliweza kukisia anachoandika kwenye kibodi ya hewani, nywila ikiwemo. Apple waliuziba Julai 2024, kwa kuisimamisha ile sura kibodi inapofunguka.

Sheria yetu inasemaje? Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo ina Tume yake, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambako wakusanyaji na wachakataji wa taarifa wanatakiwa kujisajili na wewe unaweza kupeleka malalamiko. Anayekusanya taarifa zako anatakiwa akuambie anazikusanya kwa ajili gani. Taarifa za kibayometriki, yaani zinazomtambulisha mtu kwa mwili wake, zimewekwa kundi la taarifa nyeti, pamoja na taarifa za watoto, na kwa hizo inatakiwa ridhaa ya maandishi. Kuzipeleka nje ya nchi nako kuna masharti.

Je, mwendo wa kope ni bayometriki? Mawakili watabishana. Maoni yangu: kifaa kikikutambua kwa sura ukiketi, kikaandika jina lako bila wewe kubonyeza kitu, hiyo ni bayometriki na ridhaa yako ya maandishi ilitakiwa kabla fundi hajashika bisibisi. Kikihesabu kope tu, ubishi upo. Ila video ya uso wako iliyobandikwa jina lako ni taarifa binafsi, hilo halina ubishi, na unayo haki ya kuomba kuiona. Sheria hiyohiyo inakupa pia haki kuhusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake: unaweza kutaka uamuzi unaokugusa sana usitegemee hesabu ya kompyuta tu.

Kukataa kabisa, sikushauri, na wala usije ukabandika plasta kwenye lenzi kama alivyofanya dereva mmoja ninayemfahamu. Alijipa kosa ambalo hakuwa nalo. Kusema kweli, kifaa kinacholia mtu anaposinzia saa tisa alasiri kati ya Karatu na Makuyuni, baada ya siku sita za kuamka saa kumi na moja, mimi nakitaka kiwepo. Usalama wa abiria ni sababu halali ya ofisi kukifunga. Faili lako si sehemu ya sababu hiyo mpaka waseme hivyo na uelewe.

Mwandikie meneja, kwa karatasi, kwa lugha ya upole, ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Sema unaunga mkono usalama. Kisha omba kujua kama kifaa kinarekodi sauti, kama kinatambua sura, video zinakaa wapi na kwa siku ngapi, nani mwingine anaziona, na kama ofisi imejisajili kwa Tume. Omba nakala ya matukio yale 214 yakiwa na saa, mahali na mwendo. Pendekeza ofisi imwambie fundi azime maonyo ya kugeuka gari likiwa chini ya spidi 20, au ndani ya mipaka ya hifadhi. Kama kifaa kina GPS, si kazi ya siku nzima. Omba ripoti itolewe kwenye faili mpaka isahihishwe. Nimeona ofisi zikikubali barua ya namna hii haraka kuliko unavyotarajia, kwa sababu mara nyingi hata wao hawajui kifaa walichonunua kinatuma nini. Ikitokea siku moja ukaachishwa kazi kwa ripoti kama hiyo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inadai sababu halali na utaratibu wa haki, na una siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usizipitishe ukisubiri huruma.

Mkeo amepatia nusu. Simu inaweza: watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2016 kwamba kamera ya mbele ya simu ya kawaida inakisia unatazama sehemu gani ya kioo kwa makosa ya sentimeta 1.7 hivi, na tangu Septemba 2024 iPhone za karibuni zina sehemu ya kuiongoza simu kwa macho, ambayo kwa mtu asiyeweza kutumia mikono ni ukombozi mkubwa. Lakini programu haiwezi kutumia kamera bila ruhusa, na kwenye Android 12 na kuendelea, au iPhone yenye iOS 14 na kuendelea, kitone cha kijani kinatokea juu ya kioo kamera ikiwa kazini. Mwambie akitazame. Na mwambie pia kwamba mitandao haihitaji macho yake: kidole kinaposita kwenye video ya kitenge kwa sekunde nne, kimeshasema kila kitu.

Wakikujibu barua, niandikie tena, hasa kwenye lile la siku ngapi.